Muhula Mmoja Berlin: Fiqhi ya Mwanafunzi wa Usanifu Anayekwenda Kusoma Ulaya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu, kila linapobandikwa tangazo la nafasi za kusoma muhula mmoja katika vyuo vya Ulaya, maswali huanza kumiminika baada ya darsa. Safari hii nimelichukua swali la wenzetu wanaosoma usanifu, yaani wale wanaobuni nembo, vitambaa, samani, vifungashio na kurasa za vitabu. Mwanafunzi wa uhasibu akienda Ulaya atauliza kuhusu swala na chakula. Wa usanifu atauliza hayo, kisha atauliza kuhusu picha, na kuhusu lile darasa ambalo mtu hukaa uchi mbele ya wanafunzi ili achorwe.

Majibu yanayozunguka vyuoni ni mawili. La kwanza: usiende, utapoteza dini. La pili: nenda, kule ni dharura, na dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Yote mawili ni mepesi kwa msemaji, na hakuna hata moja lililo fiqhi. Wanazuoni wa kanuni, kama Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair, wameieleza dharura kuwa ni mtu kufikia mahali ambapo asipokitumia kilichoharamishwa ataangamia au atakaribia kuangamia. Muhula wa usanifu haumfikishi mtu huko. Akiukosa atasikitika, na maisha yataendelea. Basi neno dharura tuliweke kando, tuitazame kila mas'ala kwa hukmu yake. Tutaona kwamba sheria imekwisha kumpa mwanafunzi huyu nafasi kubwa kuliko anavyodhani, na kwamba penye mpaka, mpaka unaonekana wazi.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mufti. Ninayoyaleta ni maneno ya wanazuoni, na ninapoegemea upande mmoja nitasema. Mji wa mfano nimeuchagua Berlin, na sababu inafuata.

Waliotangulia

Safari hii si ngeni kwetu. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa mwaka 1937 na Margaret Trowell, aliyekuwa amesoma katika chuo cha Slade, London. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchagga wa Tanganyika, alikwenda kusoma Slade hiyohiyo kati ya 1952 na 1955, kisha akawa mwakilishi wa Tanganyika huru mjini London. Gregory Maloba, aliyechonga ule mnara wa Uhuru wa 1962 tunaoupita kila siku hapa mjini, naye alisoma Uingereza. Hao hawakuwa Waislamu. Lakini Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa Mwislamu, na alifika Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Habari zake alizoziandika kwa Kiswahili zilichapwa hukohuko mwaka 1894. Miaka arobaini hivi baadaye Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisaidia kufundisha Kiswahili katika mji huohuo. Utawala wa Wanazi ulimkamata mwaka 1941, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Namtaja kwa sababu wapo wanaoizungumzia Ulaya kama bustani tu.

Katika hafla za kuwaaga wasafiri husomwa sana ile kauli ya kutafuta elimu hata China. Ibn al-Jawzi ameiweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa, kwa hiyo tusimsukumie Mtume (s.a.w.). Iliyo thabiti inatosha: Jabir bin Abdillah alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja aliyokuwa nayo Abdullah bin Unays. Bukhari ameitaja safari hiyo katika mlango wa elimu.

Msafiri au mkaazi?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwanafunzi anakwenda miezi mitano, na kwa kuwa yuko ugenini anadhani atapunguza swala miezi yote mitano. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Uganda, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika tangu alipofika. Kwa Mahanafi ni siku 15. Yupo Ibn Taymiyya ambaye hakuweka idadi ya siku, akarejea kwenye desturi ya watu katika kumwita mtu msafiri. Lakini hata kwa desturi, mtu mwenye chumba alichokikodi, ufunguo wa jiko na kadi ya maktaba hawezi kuitwa msafiri. Ataswali rakaa 4 kamili, na atafunga Ramadhani kama mkaazi.

Kupunguza kupo njiani. Anayeishi Kampala akishauacha mji wake na safari yake inazidi takriban kilomita 80, amekuwa msafiri. Basi akiwa Entebbe anasubiri ndege anaweza kupunguza Adhuhuri na Alasiri na kuzikusanya. Vilevile akiwa Berlin akapanda treni kwenda mji wa mbali kwa siku 2, anarudi kuwa msafiri kwa siku hizo.

Na Ijumaa je? Wanafiqhi wa Kishafi wanamweka mwanafunzi huyu katika daraja la mkaazi asiye na makao ya kudumu. Ijumaa ni wajibu kwake akiwa mwanamume, ingawa hahesabiwi katika wale watu 40 wanaoitimiza. Basi akipewa ratiba ya masomo, jambo la kwanza ni kutazama mchana wa Ijumaa una nini.

Saa zetu na saa zao

Sisi tuko kwenye mstari wa ikweta. Jua la Kampala linachomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, na ndiyo maana Kiswahili na Luganda vinahesabu saa kuanzia asubuhi, jua likizama iwe saa 12. Ukifika Berlin hesabu hiyo inavunjika. Tarehe 21 Desemba jua la Berlin linazama kabla hata ya saa 10 alasiri kwa hesabu yetu. Tarehe 21 Juni linazama saa 3 na nusu usiku.

Tuuchukue muhula wa baridi. Katika siku zile fupi za Desemba, Adhuhuri inaingia Berlin kama saa 6 na dakika 5 mchana. Alasiri inaingia karibu saa 7 na dakika 40. Magharibi ni saa 9 na dakika 54, na Isha ni karibu saa 12 jioni. Sasa weka hapo darasa la karakana linaloanza saa 7 hadi saa 11. Adhuhuri utaiswali kabla ya kuingia, na Magharibi utaiwahi ukitoka mara moja bila kusimama kupiga soga. Tatizo ni Alasiri, ambayo inaingia na kutoka ukiwa ndani ya darasa.

Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya swala akiwa Madina bila hofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu alieleza kuwa hakutaka kuutia umma wake uzito. Imam Nawawi, akiisherehesha, anataja kwamba baadhi ya maimamu walijuzisha mkaazi kukusanya kwa haja, kwa sharti asiifanye kuwa mazoea. Miongoni mwao anamtaja Ibn Sirin, Ashhab katika wafuasi wa Malik, na al-Qaffal ash-Shashi mkubwa katika Mashafi. Ibn al-Mundhir naye ameichagua kauli hiyo.

Nionavyo, ruhusa hii ni ya siku ya kuwasilisha kazi mbele ya walimu au ya mtihani, ambapo kutoka haiwezekani. Siku hiyo atakusanya Adhuhuri na Alasiri kabla ya darasa, rakaa 4 na rakaa 4, kwa kuwa kukusanya ni kitu kimoja na kupunguza ni kingine. Siku za kawaida karakana ya usanifu si kama ukumbi wa mihadhara. Watu wanasimama, wanakwenda kuchukua karatasi, wanatoka kunywa maji. Rakaa 4 hazifiki dakika 10. Atakayekusanya kila Jumatatu hadi Ijumaa kwa miezi mitano amelitupa lile sharti la wanazuoni na kubaki na ruhusa peke yake.

Muhula wa kiangazi una shida ya upande wa pili. Berlin iko karibu nyuzi 52 na nusu kaskazini, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai jua halishuki chini ya upeo kiasi cha giza kamili kuingia. Alama ya Isha, kwa wanaoihesabu kwa nyuzi 18 au 17, haionekani. Wanazuoni wamekwenda kwenye hadithi ya Dajjal iliyo katika Sahihi Muslim, ambamo masahaba waliuliza wataswali vipi katika siku iliyo ndefu kama mwaka, wakaamrishwa wakadirie. Basi hukadiriwa kwa mji ulio karibu au kwa siku ya karibu ambayo alama zilionekana. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoanzishwa mwaka 1997, limejuzisha kukusanya Magharibi na Isha katika kipindi hicho.

Jambo dogo linalowachanganya watu: programu za simu hazikubaliani. Moja inatumia nyuzi 17 kwa Isha, nyingine 15, nyingine 12, na tofauti inaweza kupita saa nzima. Fuata ratiba ya msikiti wa pale ulipo, uishike hiyohiyo muhula wote. Kuhama kutoka kalenda hii kwenda ile kwa kutafuta iliyo nyepesi usiku huo ni mchezo. Kuhusu Ramadhani, katika miaka hii inaangukia Februari na Machi, wakati mchana wa Berlin hauzidi sana wetu kwa urefu.

Picha

Tuje kwenye fani yenyewe. Hadithi zilizo msingi wa mlango huu ni nyingi, nami nitashika tatu. Bibi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akalichukia, likakatwa likafanywa mito. Jibril hakuingia nyumbani kwa sababu ya sanamu, akaagiza kichwa chake kikatwe ibaki kama umbo la mti. Na mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamwambia kwamba riziki yake yatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas akamtajia onyo la Mtume, kisha akamwelekeza: ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho.

Wanazuoni walio wengi, Nawawi akiwa mbele yao, wanaharamisha kutengeneza umbo la kiumbe mwenye roho, liwe na kivuli au la. Wamaliki wametofautisha. Sanamu kamili yenye kivuli na yenye kudumu ni haramu, na iliyochorwa bapa juu ya kitambaa au ukuta kwao inachukiza tu. Al-Qasim bin Muhammad, mmoja wa wanafiqhi 7 wa Madina na mtoto wa kaka yake Bibi Aisha, amepokewa kuwa aliruhusu iliyo bapa, kwa hadithi inayovua mchoro ulio katika nguo. Ilipokuja kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuijuzisha, kwa kuwa kamera inazuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu akiwa mezani. Herufi, nembo, vipimo vya ukurasa, sanduku la dawa, kiti, taa, kitambaa cha maua, ramani ya hospitali ya kumwongoza mgonjwa. Sehemu kubwa ya usanifu haina kiumbe mwenye roho ndani yake, na mfuasi wa kauli kali kabisa anaweza kuifanya akitafuta thawabu. Mchoro bapa wa mtu kwenye kitabu cha watoto una khitilafu tuliyoitaja, na anayemfuata mwanachuoni ndani yake asitukanwe. Anayetaka njia ya Maloba, kuchonga mtu mzima wa kusimama uwanjani, ana swali zito kuliko wote, maana huko madhehebu manne yanakaribiana sana katika kukataza. Kwa hiyo anayeuliza kama sanaa ni haramu hajauliza swali. Aseme kwanza anatengeneza nini.

Na Berlin kuna kitu kinachofundisha jambo hili kuliko maneno yangu. Ni ukuta wa Mshatta, uso wa kasri la Banu Umayya lililojengwa katika Yordani ya leo, ambao Sultani Abdulhamid wa Pili alimpa Kaizari Wilhelm wa Pili na ukafika Berlin mwaka 1903. Ni jiwe lililotiwa nakshi za mizabibu mwanzo hadi mwisho. Upande wa kushoto, ndani ya mizabibu mna ndege na wanyama wanakunywa. Upande wa kulia, ambao nyuma yake palikuwa na msikiti, kuna mizabibu tu, na hakuna mnyama hata mmoja. Mafundi wa karne ya pili ya Hijra waliubadili mchoro walipofika kwenye mahali pa swala, na ukitazama kazi huoni pengo wala unyonge wowote upande ule. Ukuta huu ni mali ya Jumba la Sanaa ya Kiislamu, ndani ya Makumbusho ya Pergamon, ambayo yalifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati. Atakayekwenda aulize kwanza kama sehemu hiyo imefunguliwa.

Wenyeji nao walijifunza kwetu. Owen Jones, Mwingereza aliyechapa mwaka 1856 kitabu cha mapambo kilichosomwa na vizazi vya wasanifu, alikuwa amekaa Granada akipima na kunakili nakshi za Alhambra. Basi mwanafunzi wa Kampala asijikunje darasani kama mtu aliyekuja na mikono mitupu. Akiwa na kipande cha lubugo begini, kile kitambaa cha gome la mutuba ambacho UNESCO imekitambua tangu 2005, atakuwa na la kusema siku ya kwanza.

Darasa la kuchora mwili

Hapa sioni khitilafu ya kujifichia. Kutazama uchi wa mtu kumekatazwa na aya ya kuinamisha macho katika Sura an-Nur, na wanafiqhi walivua penye haja ya kweli: daktari kwa mgonjwa, kwa kiasi kinachohitajika. Wanaolitetea darasa hili hujilinganisha na daktari. Ulinganisho haukai. Daktari hana njia nyingine ya kuliona jipu. Msanifu wa mavazi anayo: mwanasesere wa mbao, kiwiliwili cha fundi cherehani, mtu aliyevaa, vipimo vya mwili vilivyochapwa. Mafundi wetu wa Kiyembe wanashona suti zinazomkaa mtu vizuri bila kuwahi kukaa darasa hilo.

Lakini kumbuka, si kila kozi ya usanifu inalo. Liko zaidi katika uchoraji, na mara nyingine katika mitindo ya mavazi. Swali ni lini utalijua hilo, na ukilijua ukiwa umekwishakaa na penseli mkononi umechelewa.

Mkataba wa masomo

Nafasi nyingi kati ya hizi zinapitia mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+, ambao chuo mwenyeji hakidai ada na mwanafunzi hupewa posho ya kila mwezi pamoja na nauli. Kabla ya kusafiri huandikwa mkataba wa masomo wenye sahihi 3: ya mwanafunzi, ya chuo chake na ya chuo mwenyeji. Ndani yake huorodheshwa kozi atakazosoma, kwa kawaida zenye jumla ya alama 30 kwa muhula, na chuo chake kinaahidi kuzitambua akirudi.

Karatasi hii ndiyo mahali pa kufanyia kazi yote niliyoyaeleza. Omba maelezo ya kila kozi. Uliza kama kuna kuchora mwili, na kama kuna mbadala wa mtu aliyevaa. Uliza siku na saa. Kozi isiyokufaa ibadilishe sasa, ungali Kampala, kwa barua ya kawaida yenye adabu. Ukishatia sahihi, umefunga ahadi, na Sura al-Maida inaanza kwa kuamrisha kutimiza ahadi. Mkataba una nafasi ya kubadilishwa mwanzoni mwa muhula, lakini wiki hizo chache zina mambo mengine: nyumba, benki, baridi.

Viza nayo ni ahadi ya aina hiyo. Wanafiqhi wa zamani waliandika juu ya amani anayopewa mtu kuingia nchi isiyo yake, wakasema aliyeipokea haruhusiwi kuwafanyia hiana waliompa. Kubaki baada ya tarehe kupita, au kuacha masomo na kwenda kubeba mizigo kwa viza ya mwanafunzi, kunaingia humo. Huo si ujanja wa kusifiana.

Dada zetu wana mas'ala ya mahram. Kauli inayotegemewa kwa Mashafi ni kwamba safari isiyo ya wajibu inahitaji mahram au mume. Wapo katika Mashafi wenyewe waliotosheka na usalama wa njia au kundi la wanawake waaminifu, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wamelichukua hilo kwa safari za ndege, wakitazama hadithi ya Adiy bin Hatim juu ya mwanamke atakayesafiri kutoka Hira hadi Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Allah. Dada akae na wazazi wake na sheikh anayemwamini, wamalize kabla fomu haijapelekwa.

Chakula sina mengi. Waturuki walioanza kwenda Ujerumani kwa mkataba wa kazi wa 1961 wamejaza Berlin mabucha ya halali. Tatizo litakuwa matoke, si nyama.

Mwenye nia ya muhula ujao aanze na maelezo ya kozi, ayalete kwenye darsa tuyasome pamoja kabla ya kutia sahihi, na nakala ya mkataba wenye sahihi zote 3 aiache kwa mzazi au mlezi wake kabla ya kwenda Entebbe.

Wallahu aalam.